Kikundi cha ukoo: Kill Bill ya kwanza au ya pili?

Hamisi: Jamani, Kill Bill zote mbili nimezimaliza kwa mkupuo mmoja, zile picha za Tarantino za bibi harusi aliyeshambuliwa kanisani na genge la Bill, naye akarudi kulipiza kisasi. Nauliza tu kwa upole, humu ndani kuna mtu bado anasema ya pili ndiyo bora? Ajitokeze tumalizane.

Shangazi Zuhura: Mimi hapa.

Hamisi: Shikamoo shangazi 😂😂

Shangazi Zuhura: Marahaba. Salamu haikuokoi, mwanangu. Leta hoja.

Tatu: Ngojeni kwanza! Mimi nimeona ya kwanza tu. Msiniharibie uhondo.

Kombo: Picha ya 2004 hiyo binamu, tukungojee mpaka lini?

Tatu: Mpaka niione.

Hamisi: Haya Tatu, nikifika ya pili nitakwambia uzibe macho. Hoja yangu ni hii. Ya kwanza ina pale O-Ren, yule bosi wa majambazi anayewindwa na bibi harusi, na watu wake wanapoingia kwenye ile nyumba ya starehe Tokyo. Wanatembea tu. Hakuna aliyerusha hata kofi. Lile gitaa la Hotei likishaingia, wewe mtazamaji umeshasimama. Ya pili wana nini? Watu wamekaa wanaongea. Wanaongea weeee.

Mjomba Salum: Hiyo ngoma ya Tomoyasu Hotei haikutungwa kwa ajili ya Kill Bill lakini. Ilikuwa ya picha ya Kijapani ya majambazi wa yakuza, mwaka 2000. Tarantino aliikuta huko akaichukua.

Kombo: Ahsante mjomba! Hapo ndipo ninapopataka. Ule mluzi wa nesi feki mwenye kiraka jichoni? Bernard Herrmann, picha ya Twisted Nerve, 1968. Kile king'ora? Quincy Jones, tamthilia ya Ironside. Ile nguo ya njano yenye mistari myeusi? Bruce Lee. Mtu anazoa vya wenzake, anavipanga mezani, halafu sisi tunapiga makofi "fundi, fundi".

Neema: Kombo, kwani kupanga si kazi?

Kombo: Ni kazi. Ila usiniite mpishi wakati nimepakua tu.

Neema: Sawa, tuchukue hicho king'ora chako. Kwenye Ironside kilikuwa cha kufungulia tamthilia ya mpelelezi, basi. Humu kinalia pale tu yule mama, bibi harusi wetu, anapomkazia macho mmoja wa waliomtenda. Kioo kinageuka chekundu, na juu ya uso wake tunaona alivyokuwa anapigwa siku ile kanisani. Mara ya kwanza unashangaa. Inayofuata, king'ora hakijafika katikati, wewe mwenyewe umeshakunja ngumi. Hakuna aliyekueleza kwamba ana hasira. Huo muziki umeacha kuwa wa Quincy Jones, umekuwa presha ya yule mama.

Hamisi: Presha ya yule mama 😂 Neema umeua.

Mama Mdogo Rehema: Mimi picha yenyewe ilinishinda pale mwanzo. Wanapigana visu sebuleni, basi la shule linasimama nje, kabinti kanashuka na mkoba wake. Wanaficha visu mgongoni, wanajichekesha. Dakika chache baadaye mama mtu kalala chini na mtoto kasimama anamwangalia muuaji. Nikazima.

Shangazi Zuhura: Rehema ungevumilia. Pale pale yule mama anamwambia mtoto kwamba akikua na roho bado inamuuma, atamsubiri. Yeye mwenyewe anajua hesabu haijafungwa. Mkiambiwa ni picha ya kisasi muelewe hivyo, si kushangilia panga tu.

Hamisi: Shangazi, tunashangilia panga. Tusidanganyane.

Mjomba Salum: Mapigano yale aliyapanga Yuen Woo-ping. Na katika lile genge la O-Ren, Crazy 88, kuna mzee mmoja kipara mwenye kinyago, Johnny Mo. Huyo ni Gordon Liu, sisi wa zamani tulikuwa tunamwangalia kwenye zile picha za mashaolini za kampuni ya Shaw Brothers. Ya pili anarudi tena kwa sura nyingine kabisa, yule mwalimu mwenye ndevu nyeupe ndefu, Pai Mei. Mtu yuleyule. Watoto wa siku hizi hamkumtambua.

Hamisi: Mjomba!!! Kweli???

Mjomba Salum: Nakwambia. Na David Carradine aliyecheza Bill ndiye wa ile tamthilia ya Kung Fu ya miaka ya 70. Tarantino hakuokota waigizaji barabarani. Sonny Chiba naye, yule mfua panga wa Okinawa, kwao Japani ni jina kubwa la mapigano tangu zamani.

Kombo: Kwa hiyo hata waigizaji ni wa kuazima.

Mjomba Salum: Kombo, we mtoto una maneno.

Neema: Turudi kwenye muziki. Mnakumbuka picha inavyoanza? Nyeusi na nyeupe, uso wa bibi harusi umevimba, anahema. Mtu anakuja kwa viatu, hatumwoni. Mkono unatokea na leso, imetariziwa jina Bill, unamfuta damu taratibu kama anampenda. Yule mama anamwambia mimba ni yake. Neno halijamtoka vizuri, risasi. Halafu Nancy Sinatra anaanza kuimba. Sauti moja na gitaa moja linalotetemeka la Billy Strange. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna chochote.

Tatu: Hapo nililia mimi.

Neema: Na wimbo wenyewe ni wa 1966. Sonny Bono ndiye aliyeutunga, akauimba kwanza mkewe Cher, na ya Cher ina vyombo tele. Ya Nancy ni ya mwaka huohuo lakini mifupa mitupu. Ukiweka ya Cher pale mwanzoni, picha inakufa. Sasa Kombo niambie, aliyejua kwamba panahitajika mifupa, hakufanya kazi?

Kombo: Nimekupa moja.

Kombo: Moja tu lakini.

Hamisi: Na bado hatujafika kwenye theluji! O-Ren na bibi harusi bustanini. Wale Santa Esmeralda na makofi yao, pa-pa-pa, gitaa la Kihispania, theluji inadondoka pole pole, wanawake wawili wamesimama hawapumui. Nani aliwaza kuweka disko la 1977 pale?

Neema: Na sikiliza chini ya makofi. Bustanini kuna kile kipande cha mwanzi kinachojaa maji, kinainama, kinagonga jiwe. Ko. Makofi yanaenda mbio, mwanzi unagonga kwa saa yake wenyewe. Masikio yanavutwa huku na huku. Huo wimbo Nina Simone aliurekodi 1964, The Animals wakaufanya wa gitaa mwaka uliofuata, ndipo hawa wa disko wakaunyoosha mpaka ukawa mrefu kama treni. Kila aliyeupata aliubadilisha. Mbona hao hatuwaiti wezi?

Kombo: Hao waliuimba upya. Tarantino alibonyeza kitufe.

Shangazi Zuhura: 😂 Kombo hapo umejibu.

Mjomba Salum: Na O-Ren akishaanguka, anaimba Meiko Kaji. Wimbo wa picha ya Lady Snowblood ya 1973, na stelingi wake ni yeye mwenyewe. Binti wa Kijapani, upanga, theluji, kisasi cha familia. Ukiiona ile, unajua hii ilizaliwa wapi. Binafsi naona ni heshima. Mwizi anaficha alikoiba, huyu amemweka mwenye mali aimbe kwa sauti yake mwenyewe, katikati ya picha.

Neema: Mjomba amemaliza.

Kombo: Hajamaliza. Basi tuseme muziki wa kutungwa umeenda wapi? Hata wa kutungwa walikuwepo, RZA wa lile kundi la rap la Wu-Tang kwenye ya kwanza, Robert Rodriguez kwenye ya pili. Mbona hakuna hata mmoja wenu anayenitajia kipande chao?

Hamisi: Rodriguez alilipwa dola moja bwana 😂😂 umlaumu?

Tatu: Dola moja kivipi?

Hamisi: Kweli kabisa. Alifanya muziki wa ya pili kwa dola moja. Tarantino naye akaenda kumwongozea kipande cha picha yake ya Sin City kwa dola moja. Wakawa hawadaiani.

Mama Mdogo Rehema: Hao ndio marafiki.

Shangazi Zuhura: Haya, mmemaliza ya kwanza? Sasa zamu yangu. Tatu, ziba macho.

Tatu: Nimeziba. Nasoma kwa jicho moja.

Shangazi Zuhura: Ya kwanza nzima, Bill hana sura. Tunamwona mkono, tunasikia sauti, anapapasa upanga wake. Hamisi anasema ya pili ni maneno matupu. Sasa angalia anavyoingia. Kanisani, mazoezi ya harusi, bibi harusi anatoka nje kupata hewa. Anasikia filimbi. Hajaona mtu bado. Tumbo la mimba hilo, gauni jeupe, na uso unabadilika kwa sababu ameijua ile filimbi ni ya nani. Anageuka, mzee kakaa kibarazani anapuliza. Hakuna panga lililochomolewa na mimi moyo ulikuwa shingoni. Kwa sababu sisi tunajua kitakachotokea kanisani humo.

Hamisi: Hmm.

Shangazi Zuhura: Usiseme hmm. Sema ndiyo.

Neema: Ya kwanza nayo ina filimbi, shangazi. Ile ya Zamfir, Mromania, pale Hattori Hanzo, yule mfua panga, anapomkabidhi upanga. Mimi naona masikio yetu yalishaandaliwa.

Shangazi Zuhura: Vizuri. Halafu sanduku. Anazikwa hai. Kioo kinakuwa cheusi kabisa. Misumari inagongwa, ko, ko, ko. Udongo unamwagwa juu ya mbao, mwanzo kwa kishindo, kisha unazidi kuwa mbali. Halafu kuhema. Hakuna wimbo! Huyo bwana aliyejaza nyimbo kila kona, hapo amenyamaza, ametuacha gizani na pumzi ya mtu. Mimi nilikuwa nashika mto wa kochi.

Tatu: ANAZIKWA HAI???

Kombo: Umeambiwa uzibe macho.

Shangazi Zuhura: Ndipo tunarudishwa kwa yule mwalimu mwenye ndevu, anamfundisha kuvunja ubao kwa ngumi ya karibu, vidole vinachubuka, hata kijiti cha kulia wali hakishikiki. Tukirudi sandukuni, anaanza kugonga ule ubao. Na hapo, baada ya ukimya wote ule, tarumbeta ya Morricone. Hamisi, wewe unataka gitaa la Hotei kwa watu wanaotembea. Mimi nipe tarumbeta kwa mtu anayefufuka.

Neema: 👏👏👏

Mjomba Salum: Hiyo ya Morricone ni ya picha ya kikoboi ya Kiitaliano, 1968.

Kombo: Yaani hata kufufuka kwenyewe ni kwa kuazima 😂

Hamisi: Shangazi, sanduku nakupa. Sanduku ni bonge la kipande. Lakini baada ya hapo? Bill anasimulia habari za Superman dakika nzima na stelingi amekaa kwenye kochi!

Shangazi Zuhura: Kwa sababu walipendana. Wewe bado kijana, huwezi kujua kwamba watu waliopendana hawaanzi kwa panga. Ile ya kwanza aliwaua asiowajali. Huyu alimjali.

Mama Mdogo Rehema: Zuhura leo unafundisha.

Hamisi: Nakubali anafundisha. Nakataa kwamba ni bora. Picha ya mapigano nayoikumbuka kwa maongezi, hapana.

Neema: Mimi nadhani mnagombania picha moja. Iliandikwa moja, ikapigwa moja, ikakatwa kwa sababu ilikuwa ndefu mno. Oktoba 2003 nusu ya mwili, Aprili 2004 nusu nyingine. Ndiyo maana Hamisi ana ngumi na shangazi ana moyo.

Mjomba Salum: Na ile ya kuunganishwa, The Whole Bloody Affair, Desemba 2025 ilipelekwa kumbi za Marekani. Saa nne na ushee, na mapumziko katikati. Lile pigano la Crazy 88 lililogeuka nyeusi na nyeupe, humo lina rangi mwanzo mwisho. Katuni ya utoto wa O-Ren imerefushwa.

Hamisi: Damu yote ile kwa rangi! Naitaka.

Neema: Na wametoa ile sentensi ya mwisho ya ya kwanza, Bill anapouliza kama yule mama anajua kwamba binti yake yu hai.

Tatu: Hiyo wameitoa?? Ndiyo iliyonifanya niitafute ya pili!

Shangazi Zuhura: Wamefanya jambo la maana. Kwa nini mimi nijue kabla ya mama mtu? Aingie na bastola mkononi asijue, nami nisijue.

Hamisi: Hapana shangazi. Ile sentensi ndiyo msumari. Unatoka ukumbini unajua jambo ambalo stelingi halijui, na unangoja nusu mwaka. Wakiitoa, ya pili inaanza baridi.

Shangazi Zuhura: Inaanza baridi kwako uliyezoea kusukumwa. Mama mzazi anafungua mlango kumwua mtu, anakuta kitoto kimeshika bunduki ya bandia kinacheza na baba yake. Unataka nijulishwe mapema ili iweje?

Tatu: SHANGAZI

Shangazi Zuhura: Si ulisema umeziba macho?

Tatu: Basi, naiangalia leo leo kabla hamjanimalizia yote.

Mjomba Salum: Iangalie, ila majina ya mwisho yakianza usizime. Meiko Kaji anarudi kuimba.

Kombo: Na huo nao ni wa picha nyingine, 1972.