Ncha za bawa la mkia hazilingani: nitoboe au nisubiri?

Mjenzi_Mpya aliuliza:
Ninaunda ndege ya viti viwili inayouzwa kwa vipande. Bawa la ulalo la mkia lina mita 3 kutoka ncha hadi ncha, nalo nimelibana kwa klampu tu. Nikipima kutoka kila ncha hadi alama ya katikati niliyoichora kwenye ukuta wa injini, mita 4 mbele, kipimo cha kushoto kinazidi cha kulia kwa milimita 6. Tena mpira wa maji unaonyesha kwamba ncha hiyohiyo ya kushoto imeshuka kwa milimita 4. Je, nilisogeze bawa mpaka vipimo vilingane, kisha nitoboe matundu ya bolti?

Timazi alijibu:
Usitoboe kwanza, ndugu. Mimi ningeanza kuishuku alama kabla ya kulishuku bawa, kwa kuwa kwa vipimo ulivyotaja, alama iliyokosewa kwa milimita 3 upande mmoja huleta tofauti ya takriban milimita 2 kwenye ncha. Teremsha timazi kutoka katikati ya bodi sehemu tatu au nne, unyooshe uzi sakafuni kutoka puani hadi mkiani, halafu uangalie kama alama yako inaangukia juu ya uzi huo.

Bati_na_Ribiti alijibu:
Kuhusu kushuka kwa ncha, swali ni moja: umelinganisha na nini? Sakafu haihusiki. Pimamaji ilazwe kwanza juu ya mhimili unaobeba mabawa, bodi ikae sawa, ndipo mkia upimwe. Tofauti ikibaki, na kama viungo viwili vya bawa vimeachana kwa sentimita 30, kipande cha bati cha milimita 0.4 chini ya kiungo cha kushoto kitaziba milimita hizo 4. Hakikisha pia kwamba kitovu cha kila tundu kinabaki mbali na ukingo kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake, maana tundu likishakaribia ukingo halirudi nyuma.

Mjenzi_Mpya aliandika tena:
Nimeona aibu kidogo. Alama niliipata kwa kugawa upana wa bati la ukuta, kumbe ukingo wa kulia ulikuwa bado na ziada ya milimita 14 isiyokatwa, hivyo alama ilihamia kulia kwa milimita 7. Sasa tofauti ni milimita 1. Kushuka kwa ncha kumebaki vilevile hata baada ya kusawazisha bodi, kwa hiyo nitaweka kipande cha bati. Ila pezi la wima nalo linaonekana limepinda kushoto kwa mbele.

Timazi alijibu:
Soma mchoro kabla ya kuligusa. Katika baadhi ya ndege pezi hugeuzwa kidogo makusudi, ili kukabili hewa inayozungushwa na panga boi.