Enith Brigitha alidhulumiwa Montreal, na bado mnamwita "mshindi wa tatu"

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimemsikia mtangazaji mmoja redioni akisema, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba mtu mweusi wa kwanza kupata medali ya kuogelea Olimpiki ni Anthony Nesty wa Suriname, Seoul 1988. Nesty ni wa kwanza kwa dhahabu, hilo halina ubishi. Ila medali? Miaka 12 kabla yake Enith Brigitha, mwogeleaji wa Uholanzi, alishapanda jukwaani kwenye Olimpiki ya Montreal 1976 mara mbili, shaba ya mita 100 na shaba ya mita 200! Hivi mnaandaa vipindi au mnaokoteza?

Brigitha kazaliwa Willemstad, Curaçao, mwaka 1955, akahamia Uholanzi 1970. Mwaka 1973 na tena 1974 Waholanzi wakamchagua mwanamichezo bora wa kike wa nchi nzima. Binti mweusi kutoka visiwani, tena kwenye kuogelea, mchezo ambao hadi leo wapo wanaoamini kwamba mtu mweusi mwili wake haukuumbiwa maji.

Sasa hasira yangu iko hapa. Fainali ya mita 100 mtindo huru, 1976: Kornelia Ender 55.65, rekodi ya dunia. Petra Priemer 56.49. Brigitha 56.65. Wawili wa mbele wote wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo wanawake wake walizoa dhahabu 11 kati ya 13 za kuogelea pale. Mwogeleaji wa Marekani Shirley Babashoff alipothubutu kuhoji hadharani kama hawatumii dawa, waandishi wa kwao wenyewe wakamgeuzia kibao, wakamfanya yeye ndiye mwenye kisirani, asiyekubali kushindwa.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, nyaraka zikatoka. Ulikuwa mpango rasmi wa serikali kuwapa wanamichezo homoni za kiume. Mabinti wanapewa vidonge vya bluu, wanaambiwa ni vitamini. Ndiyo maana sina ugomvi na Ender, alikuwa mtoto wa miaka 17. Ugomvi wangu ni na wakubwa. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani bosi wa michezo Manfred Ewald pamoja na daktari Manfred Höppner kwa madhara waliyopata wasichana wale. Wakapewa vifungo vya nje, wakarudi zao nyumbani.

Na medali? Hazikuguswa. Mwaka 1998 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliombwa irekebishe matokeo ya miaka ile, ikakataa. Na baadaye kanuni za dawa michezoni zikaweka kikomo cha miaka 8 (tangu 2015 ni 10). Yaani ukiitunza siri yako vizuri hadi kikomo kipite, mali ni halali yako!

Na atakayekuja hapa kuniandikia "yaliyopita si ndwele", anijibu kwanza hili: mwaka 2013 mwendesha baiskeli Lance Armstrong alipokonywa shaba yake ya Olimpiki ya Sydney 2000 kwa sababu ya dawa. Ilishapita miaka 12. Kile kikomo siku hiyo kilikuwa likizo?