Tupeane uzoefu: hita na majiko ya kuchomea ya gesi ya mtungi nyumbani

Mnyalu76
Wakuu, baridi ya Juni ndiyo hiyo imeshaingia. Huku Njombe na Makete watu wanaacha mkaa chumbani na kununua hita za gesi, zile za magurudumu ambazo mtungi unakaa mgongoni. Wengine wanaongeza na jiko la kuchomea nyama la kuweka uani. Wenye kuzijua tupeane uzoefu: ulaji wa gesi, ufungaji, na kwa nini vinazima vyenyewe. Visa vya "jirani yangu alilipuka" tuviache, leteni mambo ya kufanyia kazi.

Fundi_Meko
Hita ya vigae vitatu (vile vibao vya kauri vinavyowaka kwa mbele) kwa kawaida ni kilowati 4.2. Ikiwaka yote inakula gramu 300 hivi kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakwenda saa 20, wa kilo 15 saa 50. Kigae kimoja ni theluthi ya ulaji huo. Washa vyote vitatu mpaka chumba kipate joto, kisha bakiza kimoja.

Mtungi pima kabla hujaondoka dukani. Tafuta maandishi ya TW yaliyogongwa kwenye kola, ile pete ya juu ya mtungi. Huo ni uzito wa mtungi mtupu. Ukiona TW 6.8, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima usome 12.8 kwenye mzani.

Regulata, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi, ndiyo inayokosewa sana. Soma kibandiko cha hita: nyingi zinataka shinikizo la milibari 28 hadi 30. Ile ya shinikizo kubwa wanayotumia mama lishe, yenye kishikio cha kuongeza na kupunguza, usiifunge kwenye hita hata kwa kujaribu. Moto utatoka nje ya vigae na vali ya ndani itakufa. Halafu angalia mdomo: ya milimita 20 na ya milimita 22 zinafanana kwa macho, na inayolazimishwa huwa inavuja polepole.

Mpira usizidi mita moja na nusu, uwe na tarehe iliyochapishwa, na ubanwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Waya wa kufungia si klipu. Ukimaliza, fungua gesi huku hita imezimwa, paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likivimba, funga mtungi. Kiberiti si kipimo cha kuvuja, jamani.

WaNyahururu
Na ile inayowaka vizuri lakini ukiachia kitufe inazima? Hita mpya kabisa, mtungi umejaa.

Fundi_Meko
Kuna sababu mbili, mkuu. Ya kwanza ni thamokapo, kile kijiti cha shaba kinachochomwa na moto mdogo. Kisipopata joto, vali inajifunga. Shikilia kitufe sekunde 20 hadi 30 baada ya moto kushika. Ikigoma, futa ncha yake kwa msasa laini, kaza nati yake kwa mkono na robo mzunguko wa spana, hakikisha ulimi wa moto unaigusa ncha.

Ya pili inawahusu nyinyi wa huko juu. Hita nyingi zina kihisi cha oksijeni kinachozima moto hewa ikipungua. Zile ndogo za Marekani vitabu vyake vinasema wazi kwamba juu ya futi 7,000, yaani mita 2,100 na kitu, zinaweza kuzima bila kasoro yoyote. Nyahururu, Ol Kalou na Kitulo ziko juu ya hapo. Kuna mafundi wanaokiziba kihisi ili "itulie". Fundi wa namna hiyo mlipe nauli arudi kwao. Kihisi hicho ndicho kinachowahi kabla hewa ya chumba haijaharibika.

Dada_Afya
Naongezea hapo. Gesi ikiungua kwa hewa haba inatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wawili chumba kimoja: toka nje kwanza, maswali baadaye. Acha uwazi juu na chini ya chumba. Wa chini ni kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Hita ikae mita moja kutoka pazia na kitanda, na izimwe kabla ya kulala. Jiko la kuchomea halina kihisi chochote, kwa hiyo ndani haliingii, hata veranda iliyofungwa vioo.

Mbongo_Minnesota
Upande wa kuchoma. Malalamiko makubwa huku ni moto mdogo, jiko halipandi joto. Mara nyingi regulata imejibana yenyewe kwa sababu vali ya mtungi ilifunguliwa ghafla huku vitufe viko wazi; inadhani mpira umekatika. Zima vitufe vyote, funga mtungi, ng'oa regulata, subiri dakika moja, rudisha, kisha fungua mtungi taratibu sana.

Moto ukiwa wa njano na masizi, chomoa mabomba ya kuchanganyia hewa: buibui wanapenda kujenga humo. Sukuma brashi nyembamba.

Kifuniko kiwe wazi wakati wa kuwasha. Moto usiposhika ndani ya sekunde tano, funga gesi, ngoja dakika tano. Mafuta yakiwaka, funga gesi, maji usimwage.

Mnyalu76
Na mtungi kutoa ukungu wa barafu chini?

Fundi_Meko
Gesi ya maji, yaani ile iliyo kimiminika ndani ya mtungi, inapogeuka mvuke inanyonya joto la mtungi. Unavuta gesi nyingi kuliko mtungi mdogo unavyoweza kutoa. Punguza moto au tumia mtungi mkubwa. Usiumwagie maji ya moto, usiusogeze kwenye jiko, na usiulaze. Ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye regulata.