Naomba ushauri: mimi na mkutubi tufundisheje utafiti kwenye darasa la muziki?

Wakuu, nafundisha historia ya muziki chuoni. Juzi mwanafunzi kaniletea insha kuhusu ile Minueti ya G meja (kipande cha dansi), BWV Anh. 114 kwenye orodha ya kazi za Bach, kaandika ni ya Bach. Ni ya mtunzi mwingine, Christian Petzold! Chanzo chake? Maelezo yaliyo chini ya video. Noti kazitoa IMSLP, maktaba ya noti mtandaoni, wala hakuangalia mhariri ni nani au toleo ni la lini.

Mkutubi wetu huja mara moja, saa nzima anaonyesha RILM (hifadhidata ya maandishi ya kitaaluma kuhusu muziki) na Grove (ensaiklopidia ya muziki), vijana wanasinzia. Si kosa lake. Mimi ndiye humwita kabla sijatoa kazi yoyote. Sasa nataka tutunge zoezi pamoja, tusahihishe pamoja. Mliowahi kufanya hivi, aje wiki ya ngapi? Na alama za vyanzo atoe nani?