Mwajiri wa kidini New York, bima haigusi uzazi wa mpango. Nianzie wapi?

Binti_Pangani:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua bima za Marekani. Nipo New York, nimeajiriwa kwenye nyumba ya kulelea wazee iliyo chini ya shirika la Kikatoliki. Kitabu cha bima cha mwaka mpya kinasema vidonge, sindano, kijiti na kitanzi havitalipiwa kwa sababu za kiimani. Ninavyoelewa, sheria ya afya ya Obama inadai bima zilipie bila mtu kuchangia. Je, wanaruhusiwa? Kuna njia ya kupata kitanzi bila kubeba bei yote? Na nikienda kuuliza ofisi ya utumishi, watajua ninachotafuta? Naomba tusitukane dini ya mtu.

Mkongwe_Bima:
Dada, ulivyoelewa ni sawa, ila sheria ile ina mlango wa pembeni. Sheria ya mwaka 2010 ilidai huduma za kinga zilipiwe bila mchango wa mgonjwa, na mwaka 2011 serikali ikaziingiza njia za uzazi wa mpango. Makanisa yenyewe yalisamehewa tangu mwanzo. Hospitali, vyuo na nyumba za wazee zenye mlengo wa dini zilipewa utaratibu wa kati: mwajiri anatoa taarifa kwamba anapinga, kisha kampuni ya bima inamlipia mfanyakazi moja kwa moja, mwajiri hatoi senti.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Hobby Lobby, kampuni ya maduka, kwamba hata kampuni ya biashara inayomilikiwa na watu wachache inaweza kukataa kwa imani. Watu husahau kwamba Hobby Lobby walipinga njia 4 tu kati ya 20: aina mbili za vidonge vya dharura na aina mbili za kitanzi. Nyingine walilipia. Kwa hiyo usiridhike na neno "tunapinga". Soma wanapinga nini hasa.

Kanuni za 2018 ndizo zilizopanua msamaha: mwajiri mwenye pingamizi la imani anajitoa kabisa, na ule utaratibu wa kati ukawa hiari yake. Mahakama Kuu iliziruhusu Julai 2020 kwa kura 7 dhidi ya 2, katika kesi ya masista wa Little Sisters of the Poor, ambao nao wanaendesha nyumba za wazee. Agosti 2025 jaji wa shirikisho Philadelphia alizibatilisha, rufaa ikakatwa. Yeyote atakayekuambia jambo hili limekwisha, muulize tarehe ya habari yake.

Karani_wa_Madai:
Kabla hujagusa siasa hizo, geuza kadi yako ya bima. Swali la kwanza ni nani analipa bili: kampuni ya bima, au mwajiri mwenyewe kutoka mfuko wake huku kampuni ikifanya ukarani tu? Ukiona maneno "administered by", au kwenye kitabu "self-funded", basi ni mfuko wa mwajiri.

Inabadilisha kila kitu. New York ina sheria yake kali ya kulipia uzazi wa mpango, na hata mwajiri wa kidini akisamehewa, mfanyakazi ana haki ya kununua nyongeza hiyo kutoka kampuni ya bima kwa bei ya kikundi. Lakini sheria ya jimbo inaibana kampuni ya bima. Mfuko wa mwajiri haiufikii.

Kuhusu kujulikana: omba kwa maandishi waraka uitwao Summary Plan Description. Ndio waraka unaoeleza mpango wako, kwa kawaida kila mwanachama ana haki nao, na hutakiwi kutoa sababu. Usiulize habari za kitanzi. Omba waraka wote, usome mwenyewe ukurasa wa vitu visivyolipiwa.

Binti_Pangani:
Asanteni sana. Nimeangalia, kadi imeandikwa "administered by".

Mkongwe_Bima:
Basi ni mfuko wa mwajiri. Sasa angalia kama waraka unasema ni "church plan", yaani mfuko wa kanisa. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa Juni 2017, mifuko ya taasisi zenye uhusiano na kanisa, hospitali zikiwemo, inaweza kuhesabiwa hivyo hata kama haikuanzishwa na kanisa lenyewe. Mfuko wa namna hiyo uko nje ya sheria ya shirikisho ya mafao ya wafanyakazi. Mwajiri wa kawaida akikaa na ombi lako la maandishi zaidi ya siku 30, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa siku. Kwa mfuko wa kanisa, fimbo hiyo huna.

Mwana_Parokia:
Niseme upande wa pili kwa heshima. Kwa Mkatoliki anayeshika mafundisho, kulipia uzazi wa mpango ni kushiriki dhambi, na hata kusaini fomu inayomwelekeza mwingine alipe anaona ni kushiriki. Ndiyo maana utaratibu wa kati haukuwatosha masista wale. Sheria ya 1993 ya kulinda uhuru wa dini inaitaka serikali itumie njia isiyobana imani ya mtu kama njia hiyo ipo, na serikali inaweza kulipia kwa mfuko wake.

Karani_wa_Madai:
Mwana_Parokia, hoja ya dhamiri naiheshimu. Lakini bima ni sehemu ya ujira. Dada huyu ameifanyia kazi, na pengine yeye si wa imani hiyo. Ukisema serikali ilipe, basi mfuko huo uwepo kwanza ndipo mwajiri ajitoe. Walioandika kanuni za 2018 walitanguliza kujitoa, mwanamke akaachwa atafute mwenyewe.

Nesi_Zamu:
Tumsaidie dada. Kwa New York mfuko huo upo. Unaitwa Family Planning Benefit Program, kwa mkazi ambaye kipato chake hakizidi asilimia 223 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho na anakidhi masharti ya uraia au uhamiaji. Unalipia vidonge, sindano, kijiti na kitanzi. Unaomba kliniki, na kliniki nyingi hukupa kibali cha muda siku hiyohiyo. Beba kitambulisho, hati za malipo ya mshahara na uthibitisho wa makazi. Eleza mapema kwamba una bima ya kazini isiyolipia huduma hii, na kama unataka siri sema hapohapo, maana wengi hukwama pale kliniki inapotuma bili kwanza kwenye bima ya kazini.

Ukikosa mfuko huo, tafuta kliniki ya Title X, yaani inayopata ruzuku ya shirikisho ya uzazi wa mpango. Aliye chini ya asilimia 100 ya kiwango cha umaskini halipi, na hadi asilimia 250 hulipa kwa ngazi ya kipato. Piga simu kwanza, kwa sababu baadhi ya watoa huduma walizuiwa ruzuku mwaka 2025.

Wakati unasubiri: tangu Machi 2024 famasia zinazoshiriki za New York zinatoa vidonge, kibandiko na pete bila kwenda kwa daktari. Pia kuna Opill, kidonge cha kila siku kisicho na estrojeni, kinauzwa bila cheti. Kilipoingia madukani, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 19.99 kwa mwezi au 49.99 kwa miezi mitatu. Kimeze saa ileile kila siku. Ukichelewa zaidi ya saa 3, meza mara unapokumbuka na tumia kondomu kwa saa 48. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu yake. Kwa dharura, P2 ya levonogestreli ni ndani ya saa 72 baada ya tendo, mapema ndiyo bora. Ulipristali, kidonge kingine cha dharura, hufika saa 120 lakini inataka cheti, na baada yake subiri siku 5 kabla ya kuanza vidonge vya homoni.

Dawa_na_Kodi:
Kama unatumia homoni kutibu ugonjwa, habari ni nyingine. Waraka wa Papa Paulo VI wa 1968 wenyewe unaruhusu tiba ya ugonjwa hata kama inazuia mimba, kwa hiyo mipango mingi ya Kikatoliki hulipia vidonge vya endometriosisi au ovari zenye vifuko. Kinachokwamisha ni msimbo wa sababu ya matibabu: daktari akiandika Z30, yaani uzazi wa mpango, dai linarudi. Kama ugonjwa upo kweli, N80 (endometriosisi) au E28.2 (ovari zenye vifuko) iandikwe kwenye cheti na kwenye ombi la kibali. Likikataliwa, kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa. Na kama una akaunti ya afya isiyokatwa kodi, inalipia vidonge, kitanzi na hata kondomu.

Binti_Pangani:
Mume wangu ana bima kazini kwake. Naweza kuhamia?

Mkongwe_Bima:
Unaweza, ila mara nyingi hadi msimu wao wa kujiandikisha, maana kukosa huduma moja hakuhesabiwi kupoteza bima. Yeye akiwa ndiye mwenye bima, barua za madai zitamfikia; ukitaka zije kwako, iandikie kampuni ya bima kuomba mawasiliano ya siri.

Nesi_Zamu:
Ukiishia kulipa mwenyewe, usiulize "kitanzi ni bei gani". Uliza kifaa, kukiweka, kipimo cha mimba na kukitoa, kila kimoja peke yake. Jumla inaweza kupita dola 1,000 na kliniki hutofautiana sana. Cha shaba kinakaa hadi miaka 10, cha homoni cha Mirena hadi 8.