Eti "huo kausikilize nyumbani"! Nyumbani kwangu ni Kigoma, wewe mtu!

Wakuu, naandika nikiwa stendi ya Tabora, saa 11 alfajiri, sijalala, na hasira zimenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Jina lake silitaji. Mnamjua. Yule wa gitaa, anayejisifu kila redio kuwa nyimbo zote anatunga mwenyewe, ambaye kila picha ameinamisha kichwa kama anaumwa jino. Huyo huyo.

Jana usiku kasimama jukwaani, kaniangalia mimi, macho kwa macho, akasema kwenye maiki: "Huo wa zamani, mama. Huo kausikilize nyumbani."

Nyumbani!

Nyumbani kwangu ni Kibirizi. Mwisho wa reli. Ukipita kwetu ni maji, ukivuka maji ni Kongo. Nimepanda basi saa 12 asubuhi, Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, zaidi ya kilomita 400, nimekaa na mtu mwenye dumu la mawese ambalo kifuniko chake ni karatasi ya nailoni. Gauni nililoshonesha kwa ajili ya shoo yake limefika Tabora lina ramani ya Ziwa Tanganyika mapajani. Nikavumilia. Nikasema nikimsikia akiuimba ule wimbo, doa lote nitalisahau.

Na hii wiki ni ya giza. Mtu wa ziwani hapo kashaelewa. Mwezi haupo, karabai zinavuta dagaa, mitumbwi inaingia asubuhi imejaa mpaka kingo. Hizi ndizo siku zangu za kuingiza hela! Mbalamwezi ikirudi tunakaa tunaangaliana. Mimi nimemwachia mdogo wangu vichanja, nimeondoka. Jana mchana kanipigia: mvua imenyesha, ndoo 4 zimelowa. Nikamwambia acha tu, mimi nakwenda kusikiliza wimbo wangu.

Wimbo wenyewe naujua kuliko yeye. Miaka yote hiyo alfajiri nikingoja mitumbwi, simu naitumbukiza kwenye ndoo tupu iwe spika, nauweka huo. Mama yangu alipokuwa anaumwa, ndio alikuwa akiomba: "Niwekee yule kijana wa gitaa." Sasa yule kijana wa gitaa ananiambia nikausikilize nyumbani!

Tangazo lilisema saa 2 usiku. Kapanda saa 7 kasoro. Kiingilio 20,000. Kaimba nyimbo 4, na hapo "kaimba" nampa heshima, maana gitaa halikuwa na waya, lilining'inia shingoni kama mkoba wa shule, na alipojifuta uso kwa taulo, mdomo wote umo ndani ya taulo, sauti ikaendelea kutoka kwenye spika vilevile. Hata hilo nilimsamehe. Wallahi nilimsamehe.

Ila kati ya wa tatu na wa nne pakawa kimya, nikaona ndio nafasi yangu. Nikapaza sauti nikautaja. Akanisikia! Akacheka! Nikajua sasa anakaa kwenye stuli aanze. Ndipo akasema alichosema, watu ukumbi mzima wakanicheka, didjei akabamiza mdundo.

"Huo." Wimbo aliouandika kwa mkono wake anauita "huo", kama kandambili iliyokosa mwenzake!

Mimi kwetu ni karibu na Ujiji. Stanley alitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, miezi kama 8 ya mwaka 1871, anamtafuta mtu mmoja tu. Alipomkuta Livingstone pale Ujiji, aliambiwa "kanitafutie nyumbani kwenu"?

Sitaki ushauri. Basi linaondoka saa 12. Nakwenda huko nyumbani alikonituma.

——

Gungu Juu: Daah, pole dada. Hapo kwenye ramani ya Ziwa Tanganyika nimecheka mpaka abiria wangu kashuka kwenye boda.

Mtemi wa Isevya: Mwangaluka. Nilikuwepo. Dada hakupaza sauti mara moja, alipaza mara saba, na alisimama juu ya kiti. Hata mimi ningemwambia arudi nyumbani.

Mleta uzi: Mara tatu! Na ningeita hata mara 70, si ndiyo kazi iliyomleta? Fundi cherehani akiombwa kushona atasema kashone kwenu?

Kiti cha Mbele: Wewe umepigwa 20,000 unalia. Mimi nimelipa 50,000 ya mbele, kiti cha plastiki kikavunjika mguu wimbo wa kwanza. Shoo nzima nimeegemea spika. Sikio la kulia mpaka sasa linaimba peke yake.

Sina Bando: Hii chai. Tiketi iko wapi? Weka picha.

Mleta uzi: Tiketi si zilichanwa mlangoni tukagongwa muhuri mkononi? Muhuri ninao, mawese yamefuta nusu. Kaka, mimi si mtu wa kutunga. Mtunzi ni yule, na alichotunga hataki kukiimba.

Jirani wa Ng'ambo: Huyo jamaa tabia yake ni hiyo hiyo. Mwaka juzi alikuja huku mvua ikanyesha, akaimba akiwa ndani ya gari kioo kimefungwa.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Mkome. Kaka wa watu kachoka, mnadhani kusafiri mchezo?

Mleta uzi: Kachoka! Mdogo wangu, yeye kaja na gari yenye kiyoyozi. Mimi nimekuja na dumu la mawese. Nani aliyechoka?

Mtemi wa Isevya: Ninyi wa Kigoma mzoee tu. Reli ilitufikia sisi 1912, ninyi mkaipata 1914. Kila kitu kinaanzia huku, kwenu kinafika kimechoka.

Mwisho wa Reli: Weee! Reli ilikuwa inakuja ziwani kwetu. Hapo Tabora iliegesha tu ikanunua maembe.

Mtemi wa Isevya: Na ikayapenda, ndiyo maana matawi ya Mwanza na Mpanda yote yanaanzia mkoani kwetu. Kwenu tawi liko wapi? Limeishia kwenye maji.

Abiria Mvumilivu: Mnabishania reli wakati mabasi yanatuua. Mwezi uliopita nimelala Kaliua, rejeta imetoboka, konda kaenda "kuleta fundi" saa 10 jioni, karudi saa 2 asubuhi kanyoa nywele. Fundi hana.

Gungu Juu: Kanyoa? 😂

Abiria Mvumilivu: Na ndevu. Mkuu, nauli sijarudishiwa mpaka leo.

Mama Pishi: Samahani, mleta uzi umesema wewe ni wa Kibirizi na dagaa. Kuna mtu wa huko kaniuzia sado nzima, nimepika, wageni wanatafuna mchanga kama wanasaga kokoto. Ni wewe?

Mleta uzi: Mama, usinikosee. Dagaa wa mchanga ni wa kuanikwa chini. Wangu ni wa kwenye vichanja, hawajawahi kugusa ardhi. Mimi hapa nazungumzia wimbo.

Mama Pishi: Basi sado shilingi ngapi?

Mleta uzi: Nikifika nitakwambia. Ndoo 4 zimelowa.

Kiti cha Mbele: Zilizolowa punguza bei, mimi nachukua.

Jirani wa Ng'ambo: Mkimaliza dagaa tuje kwenye asali. Nimenunua barabarani Urambo lita 5, wiki mbili imeganda, chini sukari tupu.

Mtemi wa Isevya: Hiyo kugusa jina la Unyamwezi sikubali. Asali halisi nayo huganda. Iweke dumu kwenye maji ya moto itarudi.

Jirani wa Ng'ambo: Ilikuwa kwenye chupa, si dumu. Nimeiweka kwenye maji ya moto. Chupa imepasuka.

Mwisho wa Reli: Ya moto kiasi gani?

Jirani wa Ng'ambo: Ya kuchemka. Si umesema moto?

Mtemi wa Isevya: Nimesema moto, sijasema kuchemka!

Jirani wa Ng'ambo: Chupa yangu nani analipa?