Bango la kibanda changu halionekani, nifanyeje?

Mama Ukwaju (Lamu)

Asalaam aleykum jamaa. Nina kibanda cha sharubati ndani ndani huku Langoni, hatua chache tu kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Nauza ukwaju, ndimu kwa tangawizi, na embe msimu wake ukifika. Mwaka jana nilitoa pesa nzuri nichapishiwe bango la plastiki: glasi ndefu, majani ya mnanaa, barafu inang'aa, herufi za manjano. Glasi ile sina hata moja, mimi wateja nawapa vikombe vya bati. Haya, nikalibandika ukutani juu ya dirisha.

Miezi mitano jua likalila. Nyekundu imekuwa waridi, manjano imekwenda zake. Lakini hata lilipokuwa jipya hakuna aliyeliona! Juzi nikajifanya mgeni, nikaanza kutembea tangu kona ya juu. Uchochoro wenyewe nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Mtu hapa anatazama mbele, na chini, kwa sababu ya punda na alichoacha punda. Bango limelala ubavuni. Ukija kuliona, ushapita.

Binamu yangu aniambia niwaite watu wa vinywaji wanipakie duka zima rangi yao, bure. Sitaki. Nyumba ni ya marehemu bibi, ukuta wa matumbawe na chokaa. Ukiupaka rangi ya mafuta unyevu hauna pa kutokea, plasta yavimba na kubanduka vipande vipande. Nishaliona kwa jirani. Isitoshe mji huu uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, jamani, tusiugeuze kreti ya soda.

Nichore nini, na nikiweke wapi?

Tuktuk Namba Tisa (Malindi)

Mama, njoo Malindi uone mabango. Huku andika Kiitaliano, hata kikikosewa watu wanaingia. Mimi nyuma ya tuktuk nimeandika maneno matatu tu na abiria wananitafuta kwa hayo maneno, jina langu hawalijui. Siyaandiki hapa, mke wangu anasoma.

Fundi wa Matondoni

Mwanangu, jibu umeshalitoa mwenyewe: bango limelala ubavuni. Lisimamishe likate ndia. Jahazi letu lina mato (macho) mawili puani kwa sababu chombo huonekana kinakuja, hakionekani kimekaa.

Tafuta kipande cha tanga kuukuu. Huku pwani hazikosekani, tanga likishachakaa hatulitweki tena. Chagua mahali penye kiraka na mshono, usipafiche, macho hukamatwa hapo kwanza. Kata kama urefu wa mkono mmoja, kunja juu na chini upitishe fito, ya chini iwe nzito upepo wa kusi usilikunje. Rangi ya mafuta iliyo haramu kwa ukuta, hapo ni halali. Usitoboe matumbawe, funga kwenye mwimo wa dirisha. Na usitumie msumari wa chuma, chumvi itaula na kutiririsha kutu kwenye chokaa ya bibi yako.

Kimo usikipime kwa macho. Ngoja apite punda mwenye shehena na mchukuzi mwenye karai kichwani, ndipo upime.

Jengine. Mwaka 2018 hapa Lamu liliposhushwa majini lile jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki chakavu na kuvishwa ndara kama 30,000, nani aliyehitaji kusomewa? Mtoto asiyejua herufi aliona ndara yake na akaelewa. Chombo chenyewe kilikuwa tangazo. Sasa wewe una vikombe vya bati, halafu wachora glasi ya watu?

Bi Pindo

Fundi kasema kweli, mimi naongeza maneno tu. Dada, jifunze kwa leso. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ni mstari mmoja. Aliyeuza leso hakuandika "Tunauza leso bora kwa bei nafuu, karibuni nyote". Kaandika neno linalomchoma mtu, naye akatoa pesa yake kulinunua, akajifunga, akalitembeza mjini. Wenye mabango makubwa barabarani hawajawahi kufika hapo.

Tena angalia jina linapokaa. Mwanamke akishajifunga, mara nyingi lasomeka nyuma, na anayelisoma ni anayemfuata. Kwenye vichochoro vyetu sote twafuatana! Yule kijana wako anayepeleka sharubati madukani mshonee fulana yenye neno mgongoni. Herufi kubwa, na mstari mmoja. Namba ya simu iache, hakuna atakayeinakili akiwa anatembea.

Mama Ukwaju (Lamu)

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Tanga nimepata kwa mzee mmoja, kanipa kwa jagi mbili za ukwaju. Lina kiraka cha pembe tatu, na kiraka chenyewe ndicho nilichokigeuza kikombe cha bati, nikaongeza mkono na kivuli tu. Chini yake nimeandika WAPITA NA KIU WAENDA WAPI. Mgongoni mwa kijana ni hilo hilo. Bi Pindo, wanawake wawili washaniuliza leso yake inauzwa wapi.

Kuna jambo jengine sikuliuliza lakini nimelifanya. Bao la marehemu babu lilikuwa darini limejaa vumbi, mashimo yake 32 kamili, kete zimepungua kidogo nikajazia komwe. Nimeliweka kwenye baraza nje ya dirisha. Bila hata neno moja, wazee wanne hukaa hapo kutoka alasiri mpaka magharibi, na mgeni akiona watu wamejikusanya husimama kuchungulia. Akisimama, jua lenyewe humalizia kazi. (Wazee wenyewe hununua kikombe kimoja kwa mchezo mzima, lakini hilo tuliache.)

Fundi, kimo nilikipima kama ulivyosema. Mchukuzi alipita na karai, hakugusa. Punda wa kwanza alipita na magunia ya saruji, hakugusa. Wa pili alikuwa amebeba godoro. Fito ya chini naitafuta mpaka leo.